Paka Niliyempelekea Mwanaarusi

Jumatatu, mwezi 3 Mfunguo Tano, 1325 (Wazungu wa boma wanauita 1907). Wenje.

Nimerudi kutoka Kipini na silaha. Si bunduki. Mtoto wa paka! Rangi ya tangawizi, masikio makubwa kuliko kichwa. Nimempakata ndani ya tenga njia nzima ya kupanda mto, na wapiga pondo wakinicheka. Wacheke. Wao hawana mpango.

Mpango ni huu. Mwanaarusi, mjane kijana, ametoka eda. Mpunga wake umejaa ghala hadi mlangoni, na panya wamejaa vilevile. Godhana mchonga mitumbwi, yule mwenye mabega, amempelekea kinu na mchi alivyovichonga kwa mkono wake. Kinu! Kwani kinu kinakamata panya? Mimi, Shee, fundi wa kofia, mtu wa pwani niliyekaa chuoni nikafundishwa, nimempelekea kitu ambacho Wenje nzima hakuna mwenye nacho.

Nimempa jina Liwali, kwa sababu anamtazama kila mtu kana kwamba ana kesi naye.

Tenga nimemkabidhi mama mtu, Bi Tuneya, pale mlangoni. Mwanaarusi alichungulia akacheka. Kinu kilipoletwa hakucheka. Nimeuliza.

Jumanne, mwezi 4

Bi Tuneya amenijia asubuhi na mchubuko puani. Liwali hakugusa panya hata mmoja. Amemuuma Mwanaarusi kiganja, amempanda mguuni kama mtu anayepanda mnazi, na Bi Tuneya alipoinama kumtoa akapata chake. Maneno yake: aliyeleta ndiye atakayefunza. Paka aache kuuma na kuparura, la sivyo arudi alikotoka, na kama alikotoka ni mbali, mamba wako karibu.

Halafu akaongeza jambo lililonikaa rohoni. Akasema anataka bintiye aolewe kabla mvua za masika hazijajaza mto, na mwanamume asiyeweza kufunza kipaka atafunza watoto gani. Akaniangalia. Mimi nikamwangalia. Tumeelewana!

Nikauliza nitamfunza wapi. Akasema barazani, nje. Uani haingii mwanamume asiye ndugu, maana nyumba haina mwenyewe. Nikasema heshima ni kitu bora.

Nikamfuata hadi barazani kwake, natupa jicho juu ya ua, namwona nani? Godhana! Ndani! Yuko juu ya ngazi ya ghala, anagonga kigingi. Eti ameitwa kazini, na Mzee Dukicha, ami yake Mwanaarusi, ameketi pale chini kumchunga. Amechungwa vizuri, nakubali. Lakini Mwanaarusi alimpa maji. Kwa mkono wake. Katika kata.

Mimi barazani sikupewa hata kata tupu.

Alhamisi, mwezi 6

Mafunzo yameanza. Kwanza nilimkalisha Liwali mbele yangu nikamweleza kwa upole kwamba mkono unaomlisha hauumwi. Alisikiliza. Kisha akauuma.

Nikabadili njia. Nimefikiri hivi: ili nimwadhibu kwa kuuma, lazima kwanza aume. Kwa hiyo namchezeshea vidole usoni. Anauma. Nampiga ukucha puani na kumpigia kelele. Namchezeshea tena. Anauma zaidi, na sasa anaukumbatia mkono wote na kuupiga mateke kwa miguu ya nyuma. Ni mwanafunzi mwenye bidii. Tatizo ni somo analolishika.

Qabale, yule mjane wa Kiorma anayeleta maziwa kutoka malishoni, alisimama na kibuyu chake akatazama kwa kitambo. Akaniuliza ni nani kati yetu anayefunzwa. Ana macho mazuri lakini mdomo wake hauna adabu.

Sindano sasa naishika kwa vidole viwili tu vilivyo vizima.

Ijumaa, mwezi 7

Pilipili! Nimesaga pilipili nikapaka vidole vyote. Akiuma mara moja, hatarudia. Ndivyo nilivyowaza.

Liwali alinusa, akapiga chafya, akaondoka zake. Ushindi! Nikafurahi hata jasho likanitoka, nikajifuta macho.

Sitaki kuandika sana juu ya jambo hili. Watu walikuwa wanatoka kuswali. Mimi niko barazani kwa Mwanaarusi, machozi chururu, nalia kama niliyefiwa. Na nani aliyenishika bega? Godhana. Akaniambia kwa sauti ya huruma, mbele ya watu wote, kwamba mapenzi ni mtihani, nijikaze. Nikataka kumwambia ni pilipili, lakini ningelazimika kueleza pilipili ilifikaje machoni.

Mwanaarusi akatuma maji ninawe. Kata imenifikia hatimaye, imeletwa na Godhana.

Jumapili, mwezi 9

Leo nimesikia jambo kubwa. Andika vizuri, Shee.

Bi Tuneya alikuwa barazani anapokea maziwa ya Qabale. Akayaonja, kisha akaanza kusimulia. Zamani, mwaka wa gharika kubwa, kabla Mwanaarusi hajazaliwa, alipita hapa mfanyabiashara wa Kipini na mkewe na mtoto mchanga wa kiume. Mke akashikwa na homa, maziwa yakakauka. Bi Tuneya alikuwa ametoka kumzika mtoto wake wa kwanza, na kifua kimejaa. Akamchukua yule mgeni akamnyonyesha, mwezi na zaidi, mpaka maji yalipopungua, mke yule akapona, na baba mtu akawarudisha pwani. Mpaka leo hajui kama mtoto yule alikua au alikufa. Akajifuta macho kwa pembe ya leso.

Tena mtoto yule alikuwa anauma, akasema Bi Tuneya, sasa akicheka. Meno mawili tu, lakini makali. Hakumpiga wala hakumkemea. Kila akiuma, alimtoa ziwani, akajifunika leso, akatazama mto kana kwamba hakuna mtoto hapo. Baadaye akampa tena. Siku chache tu, akaacha. Mtoto anauma kwa sababu mchezo unaendelea, akasema. Ukikatika mchezo, hana haja.

Godhana alikuwa kando anachonga kafi. Akaacha tezo lake, akamwangalia Liwali, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa siri. Nini cha kutikisia kichwa? Hadithi ya ziwa na mtoto! Mtu wa mbao, fikra za mbao.

Mimi niliona kilichokuwemo ndani yake. Mtoto wa Kipini. Mwanamume. Umri wangu. Na uani haingii mwanamume asiye ndugu!

Jumatatu, mwezi 10

Nimefanya.

Nilikwenda mapema, kofia mpya, uso wa majonzi. Nikamwambia Bi Tuneya kwamba jana sikupata kula. Kwamba marehemu mama yangu alikuwa akisema daima kuna mwanamke wa mtoni aliyeniokoa mwaka wa gharika. Sikumaliza. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama meno, akapiga kigelegele na kulia pamoja. Wallahi hata mimi nililia, na leo bila pilipili.

Jogoo amechinjwa. Mlango umefunguka! Nimeketi uani, kwenye mkeka, chini ya kivuli cha ghala. Mwanaarusi ameniandalia wali kwa mkono wake, kichwa wazi, nywele zimesukwa, ananiita kaka. Kaka! Linavyotoka kinywani mwake, utadhani asali.

Na Godhana? Nje! Ngazi imekwisha tengenea, hana kazi tena ndani. Nilipita mlangoni makusudi nikachokoa meno.

Jumatano, mwezi 12

Siku ya tatu uani. Nakula, nafunza paka, nakula. Liwali bado anauma, lakini mwalimu ameshiba.

Jambo moja linaniudhi. Godhana ametuma kamba ya ukili na unyoya wa kanga umefungwa mwishoni, na ujumbe juu ya ua: paka asichezewe kwa mkono kabisa. Achezewe kwa kamba. Akiuma mkono, mtu anyamaze kama jiti, ainuke, aende zake, akitulia, arudiwe. Mwanaarusi anafanya hivyo hasa. Liwali akimuuma tu, yeye huyo, anakwenda kupepeta mchele kana kwamba hakuna paka duniani. Paka anabaki ameduwaa, kisha anamfuata taratibu, makucha ndani.

Nimemwambia dada yangu kwamba kumnunia mnyama si mafunzo. Kisha nikamwonyesha njia yangu ya vidole. Nimefungwa kitambaa cha tatu.

Alhamisi, mwezi 13

Balaa. Balaa kubwa.

Mwalimu Mahadi wa msikitini amenishika mkono baada ya adhuhuri kunipongeza. Akasema amemhoji Bi Tuneya, naye amethibitisha: mwezi na zaidi, kwa shibe, mtoto hajatimiza miaka miwili. Kwa hiyo hakuna shaka. Mimi ni mwana wa Bi Tuneya wa kunyonya, na Mwanaarusi ni dada yangu wa ziwa, kama dada wa tumbo moja, haramu kwangu mpaka siku ya kiyama. Akasema ni neema iliyoje, maana sasa hakuna mdomo utakaosema lolote nikiingia kwao.

Nikamuuliza kama hakuna kauli nyingine. Akasema hakuna. Nikamuuliza je, kama mtoto alikuwa anauma? Akasema hata kama alikuwa anauma.

Chuoni siku ya somo la kunyonya nilitoroka kwenda kuogelea. Nakumbuka vizuri. Maji yalikuwa mazuri sana.

Jumamosi, mwezi 15

Nimejaribu kurudi nyuma. Nikamwambia Bi Tuneya kwamba nimekumbuka vyema, huenda mama yangu alitaja kijiji kingine, chini zaidi, na pengine mwaka mwingine, na pengine si mimi.

Akakaa chini kwenye mkeka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba aliwahi kumzika mtoto mmoja na kumpoteza wa pili, na juzi mmoja amerudi, je, anataka kufa tena? Nikaona haya kidogo. Lakini haya peke yake isingenizuia.

Aliyenizuia ni Mzee Dukicha. Akaja na bakora, akaketi, akaniuliza taratibu: kama mimi si ndugu, basi nilikuwa nani siku zote hizo, nikila sahani moja na mjane aliye kichwa wazi? Bakora ni ya mpingo. Ameichonga Godhana.

Nikasema nilichanganya vijiji. Nikasema ni mimi. Bi Tuneya akanibusu kichwani.

Jumanne, mwezi 18

Godhana ameleta posa. Mimi nimeketi upande wa bibi arusi! Nimepokea sinia kwa mikono hii iliyoumwa. Liwali alipita katikati ya wageni, akajinyoosha, akamsugulia Godhana goti na kwenda kulala. Panya mkubwa alikuwa mlangoni mwa ghala, ameuawa leo asubuhi, ameachwa hapo aonekane. Bi Tuneya akasema kipaka kimefunzika na aliyekifunza anajulikana. Nikajiweka sawa kofia. Alikuwa anamtazama Godhana!

Nani alimleta paka? Nani alitoa damu?

Godhana ananiita shemeji. Shemeji! Ameniomba nimshonee kofia ya nikahi, maana hataki fundi mwingine ila ndugu wa mkewe. Mwanaarusi naye kaniita pembeni, macho yanang'aa, akaniambia mambo ambayo dada humwambia kaka: jinsi alivyompenda tangu siku ya kinu. Hakucheka siku ile, akasema, kwa sababu moyo ulimpiga akaogopa sauti yake.

Nimekubali kushona. Usinione mjinga, ewe karatasi. Ndani ya bitana, juu kabisa ya utosi, nitashonea kipande cha kambare mkavu. Siku ya nikahi, Liwali atanusa, ataruka, atampasua kichwa mbele ya watu. Bi Tuneya atajua kwamba paka hakufunzwa na mtu huyu kamwe. Posa itavunjika. Mimi sitamwoa, najua. Lakini kwani lazima aoe yeye?

Ijumaa, mwezi 28

Nikahi imefungwa.

Kwanza walinituma mimi, kaka mtu, niingie ndani pamoja na Mwalimu Mahadi na mashahidi, kumuuliza bibi arusi kama ameridhika. Nikauliza polepole sana, nikilimeza jina la Godhana ili lisisikike. Sikufika hata katikati. Alisema ameridhika, ameridhika, ameridhika. Mashahidi wakacheka. Mtu anaulizwa mara tatu kwa utaratibu wake, yeye kajibu zote kwa mkupuo!

Nikatoka nikaketi karibu na bwana arusi, nikangoja kambare afanye kazi yake.

Liwali akaja. Akainua pua. Nikashika goti langu mwenyewe kwa furaha. Akapanda paja la Godhana, akapanda bega, makucha yamefichwa kama visu vya mgeni. Akafika kwenye kofia. Akainusa. Akailamba. Akazungusha mkia shingoni mwa Godhana kama kilemba, akafumba macho, akaanza kukoroma kwa raha. Godhana alikaa kimya, hakutikisika. Wazee wakasema subhanallah, hata mnyama anajua mtu mpole. Mzee Dukicha akaitikia dua. Qabale, aliyekaa na wanawake waliokuja na maziwa ya arusi, alicheka mpaka akashika kibuyu kisimwagike.

Sikuweza kuvumilia. Nikanyoosha kidole taratibu nimchokoe kidogo tu, aamke vibaya. Nilisahau kwamba mkono huu ndio ulioshona kambare usiku wa jana. Liwali akafumbua jicho moja, akaruka, akauvaa mkono wote. Meno, makucha, miguu ya nyuma, kama siku ya kwanza. Wengine wote wamepewa paka mwenye adabu. Mimi amenihifadhia yule wa zamani.

Bi Tuneya alikuja kunifunga. Nilidhani atamkemea paka. Hakumkemea. Akafunga kitambaa taratibu, akanikaribia sikioni, akaniambia kofia inanuka, mwanangu. Kisha akasema kwamba nami nilikuwa nauma hivihivi, na hakuwahi kumaliza kunifunza, baba yangu alinichukua mapema. Akainuka. Akajifunika leso, akanipa mgongo, akakaa kuutazama mto.

Sijui alikuwa anatazama nini. Hapakuwa na mtumbwi hata mmoja.

Jumamosi, mwezi 29

Bi Tuneya ameniletea wali na maziwa asubuhi, akaweka mlangoni kana kwamba jana haikuwapo. Nimekula wote. Kwa hiyo yamekwisha, na sikuwa na kosa lolote.

Nimetafakari kwa makini, nami nimeona mpango wangu ulipoharibikia. Kambare. Ningetumia perege, ambaye ana harufu kali zaidi.

Liwali amekuja kunitembelea. Nimemchezeshea vidole, kwa mkono ule mwingine. Ameuma. Nimemkemea. Nitaendelea hadi aelewe.

Lakini si hilo ninalotaka kuandika. Leo Qabale amepita. Nimeona upya kwamba ana macho mazuri sana, na ule mdomo usio na adabu si mbaya ukiuzoea. Alisimama akaniuliza vidole vinaendeleaje. Kaniuliza kwa hiari yake! Nikataka kumjibu jambo zuri, nikaona nyuma yake kuna mtu. Mwanamume mrefu, mkuki begani, na mkononi kashika nini? Kibuyu cha Qabale! Nimeuliza. Anaitwa Hirbo. Anachunga ng'ombe karibu na boma lao, na eti kila jioni anamsaidia kufukiza vibuyu kwa moshi. Kila jioni! Pale kambini kwao, ambako mtu wa kupita kama mimi hawezi kukanyaga.

Nimekosa raha tangu hapo. Nimeshika sindano, nimeiacha. Hirbo. Mtu mwenyewe hata kofia hana.

Ila nimeanza kukumbuka jambo. Mwaka ule wa gharika, mtoto mwenye afya kama mimi, kweli angeshiba kwa mama mmoja? Haiwezekani. Lazima palikuwa na mwingine aliyesaidia kuninyonyesha, na nasikia mama yake Qabale alikuwa na maziwa tele. Kesho asubuhi na mapema nakwenda kambini kumwamkia mama yangu.